Wazee na Maradhi ya Pumzi Katika Mitaa ya Eastlands

Kila mwaka, masika yanapokwisha na baridi ya Juni kuingia Nairobi, mawingu hutanda juu ya jiji tangu asubuhi hata adhuhuri, na pengine jua halionekani kwa siku kadhaa. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho mpaka Umoja, Kayole na Dandora, watu hufunga madirisha mapema, huvaa masweta, na hupika chai ya tangawizi. Ndipo kikohozi kinapoanza kusikika katika matatu, madarasani na makanisani. Vijana hupenga kamasi siku nne au tano, kisha hurudi kazini wakasahau. Lakini katika nyumba hizo hizo wamo wazee, na kwa mzee mwendo wa ugonjwa huu mara nyingi si huo. Kilichoanza kama mafua kwa mjukuu chaweza kuwa kichomi kwa nyanya yake kabla ya juma kwisha.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu karibu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Zamani ilikuwa desturi mfanyakazi wa Nairobi kurudi kwao alipostaafu, akalima shamba lake na kupumzika. Siku hizi wako wengi wanaozeekea mjini, katika vyumba walivyoingia wakiwa vijana, pamoja na watoto wao na wajukuu wao. Wengine huletwa kutoka mashambani ili wawe karibu na hospitali. Kwa hiyo maradhi ya pumzi ya wazee yamekuwa jambo la mtaa mzima.

Wadudu wasioonekana

Watu wa zamani waliita kila kiini cha maradhi mdudu, na neno hilo bado latumika. Lakini wadudu hao ni wa namna mbalimbali, na yafaa kujua tofauti yao kwa sababu dawa zao si moja. Bakteria ni kiumbe kidogo sana kinachoweza kula na kuzaana chenyewe. Virusi ni vidogo zaidi, wala haviwezi kuzaana peke yake. Lazima viingie ndani ya chembe hai za mwili na kuzilazimisha kutengeneza virusi vingine. Virusi vya maradhi ya pumzi huingia katika chembe za pua, koo na mapafu, na chembe hizo huharibika. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, au hata akizungumza tu, hutoa matone madogo. Makubwa huanguka karibu, bali yaliyo madogo kabisa huelea hewani kama moshi wa sigara katika chumba kilichofungwa.

Virusi hivyo ni vingi. Vya homa ya mafua yenyewe viligunduliwa na wataalamu wa Uingereza mwaka wa 1933. Virusi viitwavyo RSV vilionekana kwanza katika sokwe mwaka wa 1956, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa watoto wachanga. Kwa muda mrefu vikahesabiwa kuwa maradhi ya watoto tu, mpaka ilipobainika kwamba huua wazee pia. Tena kuna virusi vya korona vilivyojulikana ulimwenguni mwaka wa 2020. Kuna na vya mafua ya kawaida, ambavyo watu huvidharau, na ambavyo mzee mwenye mapafu mabovu hana ruhusa ya kuvidharau.

Nchi hii imekwisha kuonja maradhi hayo zaidi ya mara moja. Homa kubwa ya mwaka wa 1918 iliingia kwa bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba, ikaenea bara, wakati ambapo wapagazi wa jeshi, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor, walikuwa hawajarejea wote makwao. Homa ile ilikuwa na ajabu yake, maana iliwaua sana watu wenye nguvu, wa miaka 20 mpaka 40. Kwa kawaida homa ya mafua haifanyi hivyo. Huwaelemea watoto wachanga na wazee. Mwaka wa 1957 ilitokea nyingine iliyoanzia China ikazunguka dunia yote. Watoto waliokuwa wakienda shule mwaka ule ndio wazee wa leo.

Kwa nini mzee huelemewa

Mwili una askari wake wanaopigana na maradhi. Kadiri umri unavyozidi, askari hao huchelewa kuamka na hupungua ustadi wa kumtambua adui mpya. Njia za pumzi nazo zina vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kuyapandisha juu. Katika uzee vinyweleo hivyo hufagia polepole. Misuli ya kifua hudhoofika, na kikohozi cha mzee hakina nguvu ya kutoa uchafu ulio chini. Basi makohozi hukaa, na bakteria waliokuwa wametulia kooni hushuka na kustawi penye chembe zilizokwisha kuharibiwa na virusi. Hivyo ndivyo mafua yanavyogeuka kuwa kichomi.

Zaidi ya hayo, wazee wengi wana maradhi mengine: kisukari, presha, moyo, figo, au pumu. Homa huulazimisha moyo kufanya kazi kubwa kuliko desturi yake, na wako wazee wanaopona kikohozi kisha wakapatwa na mshtuko wa moyo au kupooza siku chache baadaye. Watu wa nyumbani hawaunganishi mambo hayo mawili. Tena kuna mapafu yaliyokwisha kuumia zamani kwa sigara, kwa kifua kikuu, au kwa moshi wa kuni na makaa. Mwanamke aliyepika miaka 50 juu ya mafiga hakuvuta sigara hata moja, lakini mapafu yake yaweza kuwa kama ya mvutaji.

Dalili zinazojificha

Hapa ndipo makosa makubwa yanapotendeka. Watu hungoja homa kali. Husema kwamba mgonjwa hana joto, kwa hiyo hana neno. Lakini mwili wa mzee huenda usipandishe joto hata kama mapafu yamejaa ugonjwa, na kikohozi chaweza kuwa kidogo tu. Dalili za mzee mara nyingi ni nyingine kabisa.

Mfano wake ni huu. Nyanya anayekaa Jericho na mwanawe ana mazoea ya kuamka alfajiri, kusali, kuwasha jiko na kufagia mlangoni. Siku moja haamki. Mke wa mwanawe humwuliza, “Mama, umeamkaje?” Naye hujibu, “Ni uchovu tu, mwanangu. Nenda kazini.” Mchana hali chakula. Jioni humwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, na watoto hucheka. Siku ya pili huanguka mlangoni mwa choo. Majirani husema ni uzee umefika, na hakosi mmoja wa kunong'ona kwamba amerogwa. Wala si uzee, wala si uchawi: damu yake imepungukiwa oksijeni kwa sababu mapafu hayafanyi kazi, na ubongo ndio unaolalamika kwanza.

Mzee akichanganyikiwa ghafula, akakataa chakula, akaanguka, akalala mchana kutwa, au akashindwa na kazi aliyokuwa akiiweza juzi, yafaa ahesabiwe kuwa mgonjwa mpaka ijulikane vingine. Neno kubwa ni ghafula. Uzee huja polepole kwa miezi na miaka. Haumbadilishi mtu kati ya Jumatatu na Jumatano.

Pia wazee wengi huficha. Nyanya yule alijua kwamba hali yake si njema. Alihesabu nauli, fedha za daktari na siku ya kazi ambayo mwanawe angeipoteza, akaona heri anyamaze. Kumwuliza mzee kama anaumwa hakutoshi, maana jibu lake linajulikana kabla ya swali. Ni bora kumtazama: amekula nini, anapumua namna gani, anaweza kumaliza maneno yake bila kukata pumzi?

Jinsi ugonjwa unavyoingia nyumbani

Mitaa ya kale ya Eastlands ilijengwa na baraza la jiji kwa ajili ya wafanyakazi, na mingi ilikuwa na chumba kimoja au viwili kwa kila mpangaji. Baadaye jamaa zikaongezeka, na vyumba vya mabati vikajengwa ubavuni na nyuma, pengine vikiziba madirisha yaliyowekwa ili hewa ipite. Usiku watoto wawili au watatu hulala chumba kimoja na nyanya yao. Ni jambo jema kwa mapenzi, na ndiko hadithi zinakosimuliwa. Lakini ndilo pia daraja la virusi.

Jambo hili limechunguzwa hapa Kenya. Wataalamu wa KEMRI huko Kilifi walizifuata jamaa 47 kwa miezi kadhaa kati ya 2009 na 2010, wakichukua vipimo vya pua za watu wote nyumbani mara mbili kila juma ili wajue virusi vya RSV huletwa na nani. Walikuta kwamba mara nyingi watoto wakubwa, hasa wa shule, ndio walioleta ugonjwa kwa mtoto mchanga. Uchunguzi ule ulihusu watoto wachanga, si wazee. Hata hivyo mlango ni ule ule: mtoto hutoka darasani lenye wenzake wengi, huja na kamasi, na hukaa mapajani pa yule asiyetoka nyumbani. Mzee aweza kukaa miezi mitatu bila kupanda matatu, na bado akapata mafua yaliyosafiri kwa matatu.

Mwaka wa 2020 mitaa hii ilijifunza habari hizo kwa uchungu. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 6 Mei Serikali ilitangaza kwamba watu wasiingie wala kutoka Eastleigh, na maduka na masoko ya huko yakafungwa. Amri hiyo haikuondolewa mpaka mwanzo wa Juni. Makanisa na misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa mwezi wa Julai, waumini walikuwa wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na watu wenye umri wa zaidi ya miaka 58 walikatazwa kuhudhuria pamoja na watoto walio chini ya miaka 13. Nia ilikuwa njema, maana waliokufa wengi walikuwa wazee, ingawa walioambukizwa wengi walikuwa vijana. Kenya ilihesabu vifo zaidi ya 5,600 vya ugonjwa ule. Lakini mzee aliyezuiwa ibada Jumapili alirudi nyumbani akaketi kutwa katika chumba chenye dirisha lililozibwa, pamoja na watu saba waliotoka pande zote za jiji. Amri ya kanisani ilikuwa nyepesi kuitangaza. Dirisha la nyumbani halikutajwa sana.

Mambo yanayoweza kufanywa nyumbani

Basi dirisha ndilo la kwanza. Hewa safi ikipita, virusi vinavyoelea huchukuliwa nje. Watu wa Nairobi huogopa baridi ya usiku, na wazee huiogopa zaidi, wakidhani kwamba baridi ndiyo inayozaa kichomi. Baridi peke yake haizai virusi. Madhara yake makubwa ni kuwafungia watu pamoja. Mzee avikwe blanketi na soksi na kofia, na dirisha liachwe wazi kidogo, hasa mchana watu wanaporudi. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kutia joto madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wake huumiza mapafu, na hewa yake ya sumu, isiyo na harufu, imewaua watu wengi usingizini.

Mtoto mwenye mafua alale chumba kingine. Kama chumba ni kimoja, walale mbali kadiri inavyowezekana, kichwa hiki upande huu na kile upande ule, mpaka kikohozi kiishe. Anayempikia au kumwogesha mzee, naye ana mafua, avae barakoa inayofunika pua na mdomo. Watu wameichoka barakoa tangu miaka ile ya korona na wengine huicheka, lakini kwa mtu mgonjwa anayemhudumia mzee kwa siku tano bado ni kinga nzuri iliyo rahisi.

Sabuni nayo ina kazi. Virusi vya homa ya mafua, vya korona na vya RSV vina gamba la mafuta, na sabuni huliyeyusha gamba hilo kama inavyoyeyusha mafuta ya sufuria. Maji ya bomba hukatika mara kwa mara katika mitaa mingi, kwa hiyo yafaa dumu dogo lenye bomba liwekwe mlangoni, ili mtoto atokaye shule anawe kabla ya kumwamkia nyanya yake.

Kuhusu chanjo, yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chanjo ya homa ya mafua haimwondolei mzee kila kikohozi. Humpunguzia hatari ya kulazwa na kufa. Tena virusi vyake hubadili sura, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutangaza mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, aina zinazofaa kutiwa katika chanjo, na mtu hana budi kuchanjwa upya kila mwaka. Katika Kenya chanjo hiyo hupatikana zaidi katika hospitali na zahanati za watu binafsi, kwa malipo. Jamaa inayoweza kuchanga fedha hizo, hasa kwa mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, itakuwa imezitumia vizuri kuliko kununua dawa za kikohozi mwaka mzima. Chanjo ya korona ilianza kutolewa Kenya Machi 2021, na watu wa miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa mwezi huo huo. Chanjo za RSV za wazee zilikubaliwa kwanza Marekani mwaka wa 2023. Katika zahanati ya mtaa mzee asitegemee kuikuta.

Hata chanjo za watoto humfaa mzee. Kenya ilianza mwaka wa 2011 kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria wa nyumokoka, ambao ni wasababishaji wakubwa wa kichomi. Uchunguzi wa Kilifi ulionyesha baadaye kwamba aina za bakteria zilizomo katika chanjo ziliwapungukia hata watu wasiochanjwa, kwa kuwa watoto walikuwa hawawaambukizi tena kama zamani.

Dawa zinazofaa na zisizofaa

Ni desturi mtu akikohoa kwenda kwa kemisti na kuomba amoksilini. Dawa hiyo huua bakteria. Kwa virusi haina nguvu hata kidogo. Akipewa mtu mwenye mafua tu, huenda ikamharisha, na humfundisha bakteria kuizoea, hata siku atakapopata kichomi cha kweli isimsaidie. Mzee akipata kichomi cha bakteria dawa za namna hiyo ni za lazima, lakini mwenye kuamua ni mganga aliyemsikiliza kifua. Iko dawa ya virusi vya homa ya mafua, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika saa 48 za kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kutongojangoja.

Tangawizi, asali na ndimu hulainisha koo, na hakuna daktari anayezikataza, ila asali izingatiwe kwa mwenye kisukari. Kujifukiza mvuke wakati wa korona kulisifiwa sana. Mvuke hufungua pua kwa muda. Hauui virusi vilivyomo mapafuni, na sufuria ya maji yanayochemka mbele ya mzee mwenye kizunguzungu ni hatari kubwa kuliko mafua yenyewe. Cha maana ni vinywaji vya mara kwa mara, uji, supu, na kumketisha mzee badala ya kumlaza chali kutwa, ili mapafu yapanuke.

Watu wengine wamenunua kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha oksijeni katika damu. Mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 hivi au zaidi. Kikionyesha chini ya 92 na kubaki hapo, mzee apelekwe hospitali. Ila kifaa hicho kina kasoro yake: uchunguzi umeonyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli, na kidole cha baridi hukidanganya. Kwa hiyo namba nzuri isimzuie mtu kuamini macho yake. Mzee anayehema mara 30 au zaidi kwa dakika, anayevuta pumzi kwa mabega, mwenye midomo iliyogeuka rangi, au aliyechanganyikiwa, asingojeshwe mpaka asubuhi.

Kwa watu wa Umoja, Kayole na Dandora hospitali kubwa iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki. Wengine hupelekwa Mbagathi au Kenyatta. Afuatane na mtu anayekaa naye, si jirani aliyekutwa njiani, na dawa zake zote zitiwe katika mfuko mmoja, hata zile za kienyeji. Daktari hajamwona mzee huyo akiwa mzima. Ataambiwa na nani kwamba juma lililopita alikuwa akifagia mlangoni na kujua majina ya wajukuu wake wote?